Fundi Anania na Mikanda Yake ya Kunolea Wembe

Baba mchungaji, ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Soweto hapa Mbeya, na ninyi wateja wa Iyunga mliokuja na ndevu za tangu Jumanne, familia inawasomea maisha ya mzee wetu Anania Kihwele, na pale mtakapojikuta mnacheka msione aibu, kwa sababu yeye mwenyewe asingependa tukae tumenuna.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kijiji cha Ilula, mkoani Iringa, akabatizwa katika Kanisa la Kilutheri hapohapo kijijini, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1968, ambapo, kwa maneno yake mwenyewe, alifaulu hesabu na usafi wa kucha.

Mwaka 1970 alikwenda Iringa mjini kujifunza unyozi kwa mzee Afroz, aliyekuwa na kibanda karibu na soko, na wiki ya kwanza tu akaupitisha wembe wa kukunja kwenye mkanda wa ngozi akitanguliza makali badala ya mgongo, akaukata mkanda vipande viwili. Mzee Afroz hakumfukuza, alimwambia tu akatafute ngozi atengeneze mwingine, kazi iliyomchukua miezi mitano, na tangu hapo hakununua mkanda tena maishani mwake.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na Evarista, mama yetu huyu aliyekaa hapa mbele, mwaka 1981 wakahamia Mbeya, wakajenga Soweto, yeye akafungua saluni yake Iyunga kando ya barabara kuu, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jofrey, Rabson na Yusta. Wenzake walipohamia mashine za umeme yeye alibaki na wembe, anauchemsha kwenye sufuria baada ya kila mteja, anaunoa kwenye mkanda wa ngozi ya mgongo wa ng'ombe, ngozi aliyoikausha kivulini siku arobaini, akaikwangua kwa kipande cha chupa na kuipaka unga wa kutu uliochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na mafuta ya ng'ombe. Madereva wa malori ya Zambia walikuwa wakisimama kwake kabla ya kwenda Tunduma, eti wakavuke mpaka wakiwa watanashati.

Sasa tuseme ukweli, maana tuko kanisani. Marehemu alikuwa mbishi. Jofrey na Rabson walichagua kazi nyingine, Yusta ndiye aliyeitaka hii, akaiomba tangu mwaka 2009, na kila mara baba yake alimjibu kwamba hakuna mwanaume wa Mbeya atakayempa mwanamke koo lake, na kwamba siku mkono wake utakaposhindwa, kiti kitauzwa na mlango utafungwa. Jibu hilo lilimuumiza sana Yusta, na hatulifichi.

Tarehe 9 Machi 2022 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukakataa kazi, akalazwa wiki tatu, na aliporudi nyumbani akampa Yusta sharti moja, atengeneze mkanda, ukikubalika saluni itabaki, usipokubalika iuzwe. Mkanda wa kwanza Yusta aliutengeneza masika, ngozi ikagoma kukauka, akaitundika darini jikoni juu ya moto kama tunavyotundika mahindi ya mbegu, ikakakamaa kama bati, baba akainusa na kusema ampelekee mama yake aipike na maharage. Wa pili ulikuwa wa ngozi ya tumbo, ukavutika ukalegea. Wa tatu unga wake haukuchekechwa vizuri, ukakwaruza makali, na baba akageuzia uso ukutani, Yusta akalia mchana kutwa.

Wa nne aliuleta saluni tarehe 17 Novemba 2023. Baba aliupitishia kidole gumba cha kushoto kutoka juu hadi chini, akarudia, akajikokota hadi kwenye kiti, akaketi na kuinua kidevu. Yusta akanoa, akamnyoa. Baba alipomaliza kujipapasa mashavu hakumsifu, maana kusifu hakukuwemo katika damu yake, bali alimgeukia mzee Liberatus, mteja wake wa siku nyingi aliyekaa kwenye benchi akisubiri kuona matokeo, akamwambia kwa ulimi mzito, "Ingia wewe, fundi anakungoja." Mzee Liberatus alijishika koo, akafikiri, akaketi. Yupo hapa leo, na koo lake zima.

Tarehe 30 Mei 2025 presha ilimpanda, akalazwa tena, na Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, akafariki dunia mama Evarista akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upendo, majirani mliotuletea kuni, maji na unga, na vinyozi wenzake wa Iyunga mliofunga kazi siku tatu. Jana wazee walikaa kuamua nani amnyoe marehemu kabla ya kuingia kwenye jeneza, kazi ambayo kwetu hufanywa na wanaume, wakabishana kidogo, kisha wakamwita Yusta. Mtakapopita kumuaga, mtazameni mashavu.

Saluni itafunguliwa Jumatatu saa moja na nusu asubuhi. Pumzika sasa, fundi Anania, kwa amani yote, kiti kina mwenyewe.