Ruta kwa Mama Kuta

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuhudumia wateja katika duka letu, Mama Kuta anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 30 Juni. Ukurasa huu umechapwa asubuhi hii kwa siri, na yeye ndiye wa mwisho kupewa nakala. Mkifika aya za chini, tafadhali mtazameni usoni. Tunaoandika ni sisi mafundi wa karakana ya duka.

Alianza kazi tukiuza redio na antena za televisheni. Intaneti ilipoingia, wengi wetu tulijificha nyuma ya rafu mteja akiuliza habari za ruta, zile mashine za kusambaza intaneti ndani ya nyumba au ofisi. Yeye alizifungua, akazisoma, akazipeleka kwa majirani kuzijaribu, na kabla mwaka haujaisha akawa mwalimu wetu sote, bosi akiwemo.

Jina la Mama Kuta tulimpa sisi, kwa sababu hakuna aliyenunua ruta kwake bila kuulizwa habari za kuta. Humpa mteja maboksi matupu na kumwambia ajenge nyumba yake juu ya kaunta: sebule iko wapi, jiko liko wapi, friji imekaa upande gani, ukuta ni wa tofali au wa mbao, maana ukuta mzito huzuia mawimbi ya ruta. Kisha huuliza ni watu wangapi, wanatumia nini, na wanalipia intaneti ya kasi gani, maana ndoo kubwa haiongezi maji yanayotoka bombani. Nimeshuhudia mke na mume wakibishania mlango wa jikoni pale kaunta mpaka foleni ikafika nje.

Kinyozi mmoja mwenye kiti kimoja alikuja akitaka ile kubwa yenye antena nane, akaiweke dirishani wapita njia waione. Aliondoka na ndogo kuliko zote, pamoja na amri ya kutoificha nyuma ya televisheni. Alinuna kweli. Wiki iliyofuata akarudi anacheka, ameleta na binamu zake wawili. Wahasibu wa ghorofa ya juu aliwatengea mtandao wa wageni, ili mteja anayesubiri kwenye benchi asijikute ndani ya kompyuta za mahesabu. Na nywila, yaani neno la siri ambalo ruta hutoka nalo kiwandani, lazima ibadilishwe kabla hujatoka dukani. Bwana mmoja aliweka tarehe ya kuzaliwa ya mkewe, siku chache baadaye akarudi ameisahau. Mama Kuta alimsaidia, ila pole alimpa mke.

Lakini kwake nyumbani, jamani! Miaka nenda miaka rudi anatumia ruta ya bure aliyopewa na kampuni ya intaneti, na kila tukimwuliza, husema ataishughulikia akipata nafasi. Sasa anastaafu ili amtunze mama yake, ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi amekuwa mzito wa kusikia. Akiongea na mjukuu wake, binti wa Mama Kuta aliye muuguzi ng'ambo, hufuata maneno kwenye midomo yake katika skrini ya simu. Picha ikiganda, mazungumzo yamekwisha. Mwezi uliopita alianza kuikataa simu yenyewe, eti asimchoshe mtoto kwa kumwambia arudie. Mama Kuta alitusimulia hilo huku akifuta kaunta, na hakututazama.

Tukaamua zawadi yake iwe ruta. Na sisi mabingwa, wanafunzi wake, tukafanya nini? Tukachukua ile ya antena nane, kwa mapenzi tu, tukaifunga na utepe mwekundu! Bosi ndiye aliyeuliza jiko la Mama Kuta liko wapi. Hakuna aliyejua.

Tukamwita shemeji, mumewe, kwa siri. Akajenga kwa maboksi sebule, vyumba viwili, jiko na tangi la maji. Halafu akachukua boksi moja akaliweka mbali, kule mwisho wa kaunta. Hicho ndicho chumba cha Bibi, ng'ambo ya ua, kuta za mawe. Antena zote nane zisingefika pale. Utepe ukafunguliwa. Tulichochagua ni ruta ya wastani ya kukaa sebuleni na kifaa kidogo cha pili cha chumbani kwa Bibi, na kati yao waya wa kupita ndani ya bomba chini ya ua.

Jana, yeye akiwa hapa kazini, sisi tulikuwa kwake tunachimba. Tulipomaliza tukampigia binti. Picha ikaja safi, wala haikuganda. Bibi akaisogeza simu, akamkagua mjukuu wake kuanzia nywele mpaka kidevu, akasema, "Kumbe umenenepa!" Wakacheka wote wawili, wakaendelea kuongea, nasi tukasawazisha udongo, tukakusanya vifaa na kuondoka bila kuagwa; shemeji alishaahidi kuificha siri, na ruta yenyewe, mpaka leo. Fundi mwenzangu anadai ni vumbi lililomwingia machoni. Mimi nililia waziwazi.

Mama Kuta, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Tunakuombea afya njema, mapumziko marefu na nyumba yenye vicheko kila chumba. Leo usikawie kwenye picha za kuagana. Binti yako anapiga jioni, na Bibi ameshasema simu ni yake, wewe utasubiri zamu.