Clothilde Minani na Majani Waliyopewa Panya

Clothilde Minani alizaliwa tarehe 4 Machi 1974 huko Makamba, Burundi, akiwa mtoto wa nane wa Mzee Godefroid na Mama Alida. Alisoma hapo hapo hadi darasa la sita, akiongoza katika hesabu. Oktoba 1993 alikimbilia Tanzania, na tarehe 17 Agosti 1996 akafunga ndoa na Deo katika kanisa la kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Walijaliwa watoto wawili.

Walifika Houston, Marekani, Novemba 2008, wakapanga mtaa wa Gulfton, baadaye wakahamia Missouri City, mji wa jirani. Mama yetu alifua mashuka ya hoteli miaka mitano. Mwaka 2014 aliajiriwa na maabara ya utafiti wa saratani kutunza panya: kuwalisha, kuwapima uzito na kuosha vizimba. Aliwaita "wapangaji wangu".

Mwaka 2022 panya hao walipewa dawa iliyotokana na majani ya mti unaoota pia Makamba. Uvimbe wao ulipungua. Mama alisimulia habari hiyo katika mkutano wa jumuiya yetu ya Warundi, na akina mama wakapiga vigelegele. Hakusema, kama alivyokuwa ametuambia nyumbani, kwamba siku ya ishirini na nane ya jaribio panya wote waliuawa ili uvimbe upimwe. Tulipomuuliza njiani kwa nini alilificha hilo, alijibu, "Mzee Thaddée ana saratani, na leo ametabasamu. Ningemwambia hayo?"

Februari 2024 Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Daktari alisema imewahiwa. Jumuiya ikamletea mifuko mitatu ya majani makavu ya mti huo.

"Dada, panya wamepona, wewe utashindwaje?" aliuliza Mama Fortunée.

"Panya hawaamki saa kumi alfajiri kwenda kazini," Mama alimjibu akicheka. Lakini aliyanywa, na akaahirisha matibabu mara nne. Binti yake Jeannette, mwenye shahada ya biolojia, alimweleza kwamba dawa ya maabara ilisafishwa na kupimwa, haikuwa chai.

"Mwanangu, wewe umesoma habari za panya," alisema. "Mimi nimewashika."

Aliporudi hospitali Novemba, saratani ilikuwa imefika kwenye ini. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa nane mchana.

Ameacha mume, Deo. Watoto, Aimable na Jeannette. Na dada yake, Fébronie, wa Carrollton.

Juzi watu wawili waliokuja kutufariji waliomba majani yaliyobaki wajitibu. Hatutawataja. Majani tumeyatupa. Jumatatu Jeannette atawapeleka wawili hao hospitali kwa gari lake, saa mbili asubuhi.

Mungu ampokee Mama yetu na kumpumzisha.