Sista Mable na Mama Aliyeshukiwa Bure

Tarehe 30 Septemba 1985, Sista Mable Wakio anastaafu baada ya kuwauguza watu wa Voi kwa miaka ishirini na saba. Alipoajiriwa mwaka wa 1958 alikuwa mwembamba hivi kwamba akina mama walimwambia apande mzani yeye kwanza. Nimefanya kazi chini yake miaka kumi na minne. Nimemwona akikosea vibaya mara moja tu, na ni yeye mwenyewe aliyeniomba nisiache kulisimulia kosa hilo.

Mwaka wa 1979, karani mmoja aitwaye Nthambi alimleta kliniki binti yake Katunge, wa miaka minne. Mtoto hakusema neno wala kumtazama mtu. Alipanga vifuniko vya soda kwa mstari, na ukivigusa alilia hadi sauti ikauke. Kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Majirani walinong'ona kwamba nyanya yake amemroga. Baba yake, Nzioka, alishuku sindano ya surua. Sista Mable alimshuku Nthambi. Kitabu chake cha chuoni kilidai watoto wa namna hii huharibiwa na mama asiye na upendo, na huyu alikuwa mama wa ofisini, mkavu wa maneno.

"Mtoto huyu humbeba saa ngapi?" alimwuliza mbele ya foleni nzima.

Nthambi alichukua kadi yake, akaondoka, asirudi.

Hata hivyo Sista hakutulia. Kwa wiki sita alipita kwao bila kualikwa, akiwinda kosa. Kila mara alimkuta Nthambi amepiga magoti, akimlisha mtoto uji kijiko kwa kijiko, akimwimbia Kikamba. Dada wawili wa Katunge, waliolelewa na mikono hiyohiyo, walimchosha Sista kwa maswali. Mwishowe Sista akaomba kadi ya mtoto. Kwenye mwezi wa nane wa umri wake, kabla ya sindano ya surua, palikuwa na mwandiko wa Sista mwenyewe: "Haangalii uso. Hageuki akiitwa." Nzioka aliisoma mara mbili, asiitaje tena sindano.

Daktari kutoka Mombasa ndiye aliyetupa jina: otizimu. Chanzo hakijulikani sawasawa, alisema, lakini mtoto huzaliwa hivyo. Si malezi, si uchawi.

Alhamisi iliyofuata, Sista alimwita Nthambi kliniki, akasimama mbele ya akina mama wote.

"Nilimwaibisha mama Katunge hapa," alisema, "na hapa namwomba msamaha. Hana kosa."

"Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba kosa ni langu, Sista," Nthambi akajibu, na ndipo akalia.

Sista, nenda salama nyumbani Mghange. Asante kwa kazi, na kwa Alhamisi ile. Tunakuombea miaka mingi yenye afya na amani.