Damu ya Lusia Ilichukuliwa, Jibu Halikurudi

Mgeni rasmi Daktari Boaz, kiongozi wa watafiti wa damu, kwa umri wetu tunakuitikia marahaba.

KARIBU
Sisi bibi wa Kalangalala tunaolea wajukuu wenye virusi vya UKIMWI tunakukaribisha. Kiti hicho Mama Ngassa amekifuta kwa kanga yake.

TULIKOTOKA
Vijana wako walitufundisha vizuri. Walisema seli nyeupe za damu ni sungusungu wa mwili, kama walinzi wa kijiji: zikiona mwizi hupiga mwano, yowe la hatari, wenzao wakatoka. Ila kirusi hiki ni fedhuli, huingia nyumbani kwa kamanda mwenyewe anayepiga mwano, kikajificha humo. Ndiyo maana watu humeza dawa. Kwa mwenzetu Lusia, naye mwenye virusi, wakakuta ajabu: seli zake huitambua mapema nyumba iliyoingiliwa, zikaivunja, na kirusi kimetulia bila dawa. Wakamtoa damu, chupa kwa chupa. Akawachemshia viazi, wakala, wakaondoka.

MAFANIKIO
Wajukuu wetu walikuwa wanameza dawa bila kushikiwa fimbo. Hatuna mengine.

CHANGAMOTO
Hamkurudi. Maneno yenu nusu yakabaki yanatembea machimboni. Donatus, mpwa wa Lusia, akatamba mbele ya wachimbaji wenzake: "Ukoo wetu askari wa damu wako macho. Nyie mezeni tu."

Melania, mjukuu wa Lusia, akasikia, akaacha dawa. Alipoulizwa, akasema, "Bibi, mbona wewe humezi?" Jibu la swali hilo mlilibeba nyinyi kwenye boksi la barafu. Sasa binti amelala, amebaki mifupa. Nesi amemrudishia dawa, anazitema. Anasema anawasubiri askari wake.

MAOMBI
Hatuombi jengo wala posho. Sungusungu wakishamkimbiza mwizi hurudi kwa aliyepiga mwano, wamweleze walichokuta. Asiyerudi, huku kwetu, haombi hata kaa la moto kwa jirani. Tunaomba uende kwa Melania sasa hivi, umwambie kwa kinywa chako kwamba askari wa bibi yake si wake. Sisi tumesema hadi tumechoka; hatuaminiki, maana hatukusoma.

Utepe wa chumba hiki kipya cha kupimia damu umefungwa, unauona. Mkasi anao Lusia, kando ya kitanda cha mjukuu wake, nyumba ya tatu kutoka hapa. Utaukuta huko.

Mungu akupe miguu myepesi.

Ni sisi, Bibi Walezi wa Kalangalala.
Msomaji: Bibi Scolastika.