Muda Uliishia Kwenye Salamu

Benchi la nje ya kinyozi lina mguu mmoja mfupi uliotegeshwa kwa kipande cha tofali, na ndiyo maana wazoefu huwahi upande wa ukutani na kumwachia mgeni upande unaocheza. Wateja wa kweli husubiri kiti. Hawa wengine vichwa vyao vilishanyolewa wiki iliyopita, midomo ndiyo bado. Siku hiyo mada ilikuwa Fundi Bomba, ambaye mchana angerudia mtihani wa Kiingereza wa kuombea uraia, baada ya ule wa kwanza kumtupa nje. Akianguka tena, ombi lote linafutwa. Na bila pasipoti ya hapa hawezi kwenda kumwona mama yake akaweza kurudi. Mama ambaye siku hizi kwenye simu humwita kwa jina la kaka yake marehemu. Fundi alikaa na mkoba wa spana katikati ya miguu, suruali ikiwa bado na maji ya sinki ya watu, na moyoni ana hofu ambayo asingeikiri hata kwa dawa.

— Tatizo lako pua, — alianza Profesa. Huyu ni mlinzi wa ghala. Uprofesa aliupata kwa kuvaa miwani ya mkwewe. — Kiingereza hutokea puani. Wewe unakitolea kifuani kama mtu anayeita mbuzi.

— Mbona Shangazi alifaulu na pua yake ile ile? — akauliza Kinyozi kutoka mlangoni, mashine mkononi.

Shangazi, anayepiga pasi kwa dobi wa jirani na ndiye mwenye chupa ya kahawa, alimmiminia Fundi kikombe.

— Mimi nilifaulu kwa sababu nilijibu nilichoulizwa, basi. Haya mwanangu, waambie mwenyewe ulichofanya mle ndani.

— Sikufanya kitu, Shangazi. Nimeingia, nimemkuta mama mtu mzima nyuma ya meza. Nikamwamkia.

— Hapo hujakosea, — akasema Kinyozi.

— Akasema hajambo, lakini uso unasema jambo lipo. Nikamuuliza, nyumbani je? Watoto? Kazi? Akashusha pumzi. Kumbe mama yake amelazwa, na zamu za kazi hazimpi nafasi ya kwenda kumwona. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikampa pole. Nikamuuliza anaumwa nini, akanieleza. Nami nikamweleza ya mama yangu. Akafuta macho. Kengele ikalia.

— Na mtihani?

— Ndiyo ulikuwa huo. Kulikuwa na picha ya mtu anamwogesha mbwa, nilitakiwa niieleze. Hatukuifikia. Wakaniambia sikujibu swali, nimefeli, leo nirudi kwa mama yule yule.

Benchi lilicheka mpaka tofali likachomoka. Kinyozi alilirudisha kwa mguu.

— Yaani wewe umetumwa uraia, ukaenda kumjulia hali mgonjwa!

— Msicheke, — Profesa alisema, akiinua kidole. — Huo mtego! Hakuna mama wala hospitali. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Maana yake mwenyeji hujifanya mgonjwa ili mgeni ajisahau.

— Wahenga wa wapi hao, wa ghalani kwenu? — akauliza Shangazi.

— Na yule mbwa je? — Profesa alishapanda, hashuki. — Kwenye jicho la mbwa kuna kamera. Ukishangaa kumwona anasuguliwa sabuni, wanajua wewe si wa hapa. Wazaliwa wenyewe wakipewa mtihani ule watafeli, watafukuzwa, nchi itabaki na mbwa!

— Dawa yake ndogo, — akasema Kinyozi. — Leo ingia na pamba masikioni. Akisema lolote, wewe jibu mbwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Si ndiyo inasema usikie!

— Shangazi, atakuwa amekaa. Guu litavunjikaje?

Shangazi hakucheka. Alimgeukia Fundi, sauti akaishusha.

— Mwanangu, leo mpite. Salamu moja, funga mdomo, nenda kwenye mbwa. Mama yako hana muda.

Maneno hayo yalimchoma Fundi, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Kisha hasira ikampanda. Mabomba ya mji huu ameyazibua kwa mikono yake, ameingia vyoo vya watu ambavyo wenyewe wanavikimbia, na leo hata adabu aliyofunzwa nyumbani imekuwa kosa! Kabla hajajibu, mtu aliyekuwa upande unaocheza, akisubiri zamu yake ya kunyolewa, alikohoa.

— Samahani, wakubwa. Mimi mgeni, nimefika mjini juzi. Hayo ya hospitali, na ya mama zenu, mliyazungumza kwa lugha gani?

— Kiingereza, — akajibu Fundi. — Yule mama hana nyingine.

— Mpaka akalia?

— Mpaka akalia.

— Sasa Kiingereza ulichofeli ni kipi?

Kinyozi alizima mashine. Profesa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Shangazi aliinamisha chupa juu ya kikombe cha mgeni. Yakatoka matone mawili na mashapo.

Fundi alisimama, mkoba begani. Hofu bado ilikuwepo, lakini sasa ilikuwa na mwenzake: imani kwamba Kiingereza anacho.

— Unakwenda kumsalimia tena? — akauliza Shangazi.

— Namsalimia. Nyumbani, watoto, kazi, na mgonjwa anaendeleaje. Muda ukibaki, nitawapa na mbwa wao. Nikimfikia mama na pasipoti niliyoipata kwa kumruka mtu mwenye mgonjwa, Shangazi, ataniuliza nimelelewa na nani.