Chai ya Saa Kumi ya Maman Apolline

Pale Muhumba, barabara inapokunja kuteremka ziwani, kuna ubao mrefu juu ya matofali manne. Hapo ndipo tunapokaa. Mimi nashona viatu kando yake, kwa hiyo wananiita Semele, yaani soli ya kiatu. Anayekaa katikati ni papa Mushagalusa, ambaye zamani alimwendesha waziri mmoja huko Kinshasa kwa miezi minane. Tangu hapo jina lake ni Ministre. Parfait alisoma sheria miaka miwili akaacha, naye ni Avoka. Guylain alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu, akarudi na pikipiki ya kubebea abiria na hadithi nyingi, basi tukamwita Kamituga. Mbele yetu, nyuma ya babula, jiko lake la makaa, maman Apolline anauza kahawa na mandazi, mwaka wa kumi na tisa sasa. Alhamisi ile kahawa ilikuwa haijachemka vizuri tulipomwona Fabiola anapandisha mlima karibu anakimbia, viatu vyake vya kisigino mkononi.

Fabiola ndiye anayesimamia mambo ya kula na kunywa kwenye teatre mpya, jumba la michezo ya kuigiza, ile kubwa yenye nguzo nyeupe iliyojengwa kule chini kabisa karibu na maji. Jumanne alikuwa amepita hapa, akala mandazi matatu akiwa amesimama, akaondoka bila neno. Leo maneno aliyaleta.

— Maman Apolline, mupishi wetu hakuyi tena. Ameandika asubui, amepata kazi fasi ingine. Na leo saa kumi batu makumi tatu banakuya kuonja chai. Jumamosi tunafungua! Unaweza?

— Kuweza nini, mwanangu?

— Chai ya saa kumi. Ku teatre yetu mutu anakuya saa kumi, anakunywa chai na vitu vidogo-vidogo. Saa kumi na mbili anakula bien, chakula ya kweli. Kiisha anaona teatre. Pa katikati anapumuzika, anapata kinywaji. Kiisha anarudia kuona.

— Iyo ni teatre ao ni arusi? akauliza Kamituga.

Maman Apolline hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu:

— Furu iko?

— Iko. Mupya. Ya umeme, ya courant.

Sisi tulielewa kwa nini aliulizia tanuri kwanza. Alipokuwa msichana wa miaka kumi na sita aliingia jikoni kwa masista, akapika huko miaka sita: gato, yaani keki, biskuti, na konfitiri, jamu ya matunda ya marakuja. Jiko lile lilipofungwa alitoka na daftari moja aliloliandika kwa mkono wake. Tanuri hakupata tena. Kila mara tulipomwomba gato alitujibu vilevile: gato haipikwi juu ya babula.

— Naweza, akasema.

Fabiola akamkumbatia, akavaa viatu, akashuka mbio. Alipopotea kwenye kona, maman Apolline akaketi kwenye ubao wetu.

— Semele, nimesema nini?

— Umesema unaweza.

— Mikono yangu ilishasahau. Miaka yote ile!

Hapo ndipo wanaume walipoona amekuja kutafuta mashauri.

— Sikiya, maman, Ministre akaanza. Miye nilishaonaka iyo chai ku Kinshasa. Sahani iko na etaje tatu, kama nyumba ya tajiri. Mutu anaanza chini, anapanda. Mwenye kuanza na ya juu banamutosha inje. Njo maana bazee balisema: asiyesikia la mukubwa anavunjika muguu.

— Muguu na gato ni ndugu? akauliza Kamituga.

— Teatre iko na ngazi mingi!

— Apana, Avoka akaingilia. Kisheria, mukate wa chai lazima ukatwe pembe tatu, na ngozi yake itoshwe. Article kenda.

— Mukate iko na ngozi?

— Ile ya inje, yenye kukauka. Banaitosha ju haba na haba hujaza kibaba.

— Na ile ngozi inaenda wapi?

— Banapewa bale benye kucheza teatre. Njo maana bote ni bembamba.

Kamituga akasimama kabisa. Yeye hawezi kusema uongo mkubwa akiwa amekaa.

— Ninyi muko batoto! Ku teatre ya kweli, kula ni chini ya udongo, mu shimo, kama kwetu kule. Unakunywa chai kule chini. Saa ikifika banavuta kamba, meza na batu na viti, vyote vinapanda! Unajikuta mbele ya rido, ile pazia kubwa, kikombe ku mukono. Na juu ya gato banapakaaka zahabu.

— Zahabu ya kukula?

— Ya kukula! Miye mwenyewe nilishameza.

— Weye ulimeza ju ya kuiba!

— Kumeza ni kumeza, papa.

— Nyamazeni! maman Apolline akapiga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Saa inaenda! Kamituga, washa pikipiki yako. Tunapitia kwangu, nikamate kaye yangu, ile daftari.

Akaondoka nyuma ya Kamituga, beseni la unga mapajani, kitambaa cha kichwa kinapepea. Ministre akasimama wima mpaka pikipiki ikapotea, kama msafara wa serikali unapita.

Tukabaki na babula inayozima na hamu ya kujua. Saa sita, hakuna habari. Saa saba, mvua ndogo ikapita. Saa nane Ministre alikuwa amekwisha kupanga nani atakaa wapi siku ya ufunguzi, na Avoka alikuwa amempinga kila kiti. Saa tisa na dakika chache tukasikia pikipiki inapanda kwa nguvu zake zote.

— Babula! Kamituga alikuwa anapiga kelele kabla hajasimama. Nipeni babula!

— Kuko nini?

— Courant imeenda! Gato iko mu furu, imeanguka! Maman analia!

Sijui nani alitangulia. Najua nilifunika sanduku langu la viatu na kuacha kiatu cha mtu kimoja juani. Tukamwaga majivu, Kamituga akafunga babula nyuma ya pikipiki, bado ina joto. Avoka, ambaye sijawahi kumwona akibeba kitu kizito kuliko gazeti, akajitwisha gunia la makaa kichwani. Mimi nikachukua karai la kukaangia. Ministre akavaa koti lake na kubeba mwiko. Tukateremka mlima ule mbio, watu wanaacha njia.

Kwenye mlango wa nyuma mlinzi akatuzuia.

— Ninyi ni nani?

— Protokole, akajibu Ministre bila kupunguza mwendo.

Jikoni palikuwa peupe kama hospitali na kimya kama kanisa siku ya kazi. Fabiola alikuwa kwenye simu dirishani, anaomba jenereta, na mwenye jenereta anamwambia kesho. Maman Apolline alikuwa ameketi kwenye kisanduku, gato mbele yake mezani. Ilikuwa imezama katikati kama kofia iliyokaliwa. Daftari lake lilikuwa wazi pembeni, na juu ya karatasi kulikuwa na machozi.

— Muone, akasema. Niliwaambia. Mikono ilishasahau.

Wote wakaniangalia mimi, sijui kwa nini. Mimi kiatu nakijua, gato siijui. Nikasema neno la kwanza lililonijia:

— Maman, uliionja?

Akatikisa kichwa. Akavunja kipande pembeni, akakiweka mdomoni kama mtu anayemeza dawa. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, polepole.

— Iko muzuri, akasema.

— Hein?

— Iko muzuri, Semele! Ni sura tu njo imekufa. Utamu iko! Akasimama, kisanduku kikaanguka. Fabiola, achana na simu! Mafuta iko wapi? Sambaza, zile samaki ndogo nimeona mu bassin, nani alinunua?

— Ni za chakula ya mangaribi ya Jumamosi...

— Ni za leo. Avoka, washa moto!

Babula tuliitoa nje, kwenye baraza kubwa linaloangalia ziwa, kwa sababu jikoni moshi ungetuua. Avoka akapuliza makaa mpaka macho yakawa mekundu. Maman Apolline akachota unga, na mikono ile aliyoisingizia kusahau ikaanza kwenda kama inacheza ngoma. Mandazi madogo, kila moja ukubwa wa yai la njiwa. Sambaza zikaingia kwenye mafuta na kutoka zimekauka, zinalia mdomoni. Gato iliyoanguka akaikata vipande vya mraba, akaacha lile bonde la katikati likawa shimo la kuweka konfitiri ya marakuja. Chai ikachemka na tangawizi kwenye sufuria ya jikoni. Na Fabiola alipofungua kabati kutoa vyombo, tukaona sahani zenyewe: zina etaje tatu.

Ministre alimwangalia Avoka, akamwangalia Kamituga, akafunga kifungo cha koti. 

Wageni walikuwa wamepangiwa kukaa ndani, kwenye ukumbi wa viti vyekundu. Lakini ukumbi ulikuwa giza, na harufu ilikuwa barazani. Saa kumi kamili wakaanza kutokea mlangoni mmoja mmoja, wamevaa vizuri, pua mbele. Nani aliwaita nje? Hakuna. Ni sambaza ndizo ziliwaita. Ministre akawapokea kwa mikono miwili.

— Karibu, muheshimiwa. Unaanza chini, unapanda. Polepole, usivunjike muguu.

Nao wakamtii! Watu wakubwa kabisa, wanaanza chini, wanapanda. Kamituga alikuwa anapita na birika, amejitia taulo mkononi, na nilimsikia akimweleza dada mmoja kwamba safari hii zahabu imekosekana sokoni.

Kisha akaja mkuu wa teatre, madame Eulalie, mwanamke mwenye mvi na miwani ya kamba. Akala sambaza, akala andazi. Akachukua kipande cha gato. Akakila chote. Akaita:

— Nani amepika?

Maman Apolline akasogea, anajifuta mikono kwenye kitenge. 

— Iyi gato inaitwa namna gani?

Fabiola alikuwa anamkonyeza asikosee. Avoka alikuwa nyuma yangu, ananong'ona:

— Sema ni ya Ubelgiji. Sema ni ya Ubelgiji, maman!

Maman Apolline akavuta pumzi.

— Haina jina, madame. Ilianguka. Courant imeenda, ikazama pa katikati. Nimelia kwanza. Kiisha nikaonja, nikaona ni sura tu njo imekufa. Njo nikaikata.

Nilisikia maji ya ziwa yakipiga ukuta. Madame Eulalie akaweka kijiko chini.

— Nipe ingine, akasema. Na Fabiola, andika ku karte ya chakula: Gato ya Kuanguka. Lakini maman, utajua kuiangusha tena Jumamosi?

— Nitafungua furu mbele ya saa yake kufika, madame. Gato yote inaanguka ukiiogopesha.

Madame Eulalie akacheka mpaka akavua miwani. Watu wakacheka naye, wakapiga makofi, sijui kwa gato au kwa mama, na Kamituga akapiga mluzi wa machimboni ambao nadhani ulisikika ng'ambo ya pili ya maji. Palepale wakakubaliana: kila Jumamosi na Jumapili, chai ya saa kumi ni ya maman Apolline, na tanuri ni lake.

— Na siku zingine? madame akauliza. Unaweza kufanya kila siku.

— Siku zingine niko na batu yangu ku kona.



Tulipanda mlima kabla jua halijaingia, babula kwenye pikipiki, sisi nyuma tunaimba kama watu wa timu iliyoshinda. Birika lililobaki na chai Fabiola alitupatia tuondoke nalo, pamoja na sukari. Kwenye ubao wetu tulimkuta mtu mmoja, Philémon, wa kijiji cha Mumosho, na kikapu chake cha maparachichi. Alikuwa anangoja Kamituga amrudishe nyumbani. Jioni ile hakwenda popote. Tulimsimulia yote mara moja, wote kwa pamoja, hakuelewa; tukamsimulia tena. Mara ya pili akasimama.

— Leo maman hamimini chai! Kaa, maman. Miye namimina.

Akamkalisha katikati ya ubao, mahali pa Ministre. Akapanga vikombe, akashika kijiko.

— Papa, sukari ngapi?

— Tatu, akajibu Ministre.

— Weye?

— Ine, mwana. Miye nilichoka, Kamituga akasema.

— Moja na nusu, Avoka akasema. Kisheria.

Kabla sijafungua mdomo, Kamituga akanijibia: — Semele anakunywaka na mbili. Philémon akatia mbili, akakoroga. Kikabaki kikombe kimoja. Akainua kijiko.

— Na ya maman? Ngapi?

Tukatazamana.

— Tatu, akasema Ministre. Ao... apana.

— Anakunywaka bila, Avoka akasema, na hakutaja article yoyote.

— Anakunywaka kawa, ao chai? Kamituga akaniuliza mimi, sauti imeshuka.

Nilitafuta kichwani asubuhi hata moja ambayo nilimwona na kikombe chake mwenyewe mkononi. Nilirudi nyuma sana. Sikuipata.

Maman Apolline hakutusaidia. Alikunja mikono kifuani, akatuangalia mmoja mmoja, kicheko kimejificha pembeni ya mdomo. Philémon alikuwa bado ameshika kijiko hewani, sukari imejaa, anangoja.