Mzee Subiri na Bampa Zilizorudi Nyeusi

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya kazi, Mzee Subiri atavua ovaroli yake ya bluu na kustaafu. Jina lake halisi limo kwenye faili, lakini ukiliulizia hapa gereji utaambiwa mtu huyo hatumjui. "Subiri" tulimpa wenyewe, maana ndilo neno alilotuambia mara nyingi kuliko hata salamu.

Alianza kama mwosha magari. Miaka sita alishika ndoo na brashi, kisha akahamishiwa kona ya nyuma, karibu na kompresa, akakabidhiwa kazi ambayo hakuna aliyeitaka: kurudisha weusi wa plastiki kwenye magari ya zamani. Bampa, vitasa, vifuniko vya vioo vya pembeni, zile fito za ubavuni, vyote hupigwa na jua miaka nenda rudi mpaka vinakuwa na rangi ya jivu. Wateja walidhani gari limejifia. Yeye aliwaambia gari ni zima, limepauka tu.

Kabla yake gereji ilikuwa na ujanja wake: unapaka mafuta, plastiki inang'aa, mteja anaondoka akitabasamu. Mvua ya kwanza ikinyesha, michirizi mpaka kwenye milango, na mteja huyo anarudi akiwa mbogo. Mzee Subiri aliupiga marufuku. Kwake ni sabuni na brashi kwanza, kisha kufuta kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kisha kubandika utepe wa karatasi ili rangi ya bodi isiguswe, ndipo dawa ya weusi, kwa sponji, tabaka jembamba. Halafu? Subiri. Tabaka la pili ni kesho. Bosi alilalamika kwamba gari moja linakula siku mbili. Mzee akamjibu kwa upole kwamba haraka haraka haina baraka, na kama anataka haraka amtafute mtu mwingine. Hakutafutwa mtu.

Mimi ninayeandika haya, wiki yangu ya pili tu, nilijitia ujuaji nikapaka nta ya kung'arishia bodi juu ya bampa nyeusi. Nta ikaingia kwenye vile vishimo vidogo vya plastiki, ikakauka, bampa ikatoka mabaka meupe utadhani imemwagiwa unga. Na mteja anakuja saa nane! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee hakupaza sauti. Alikwenda ofisini, akarudi na vifutio vyote vya penseli vya karani, akanipa kimoja, naye akachuchumaa upande wa pili. Tukafuta bampa nzima kama watoto wa darasa la kwanza waliokosea hesabu. Saa nane kasoro robo ikawa safi. Karani mpaka leo ananiulizia vifutio vyake.

Sasa niseme lililotuuma. Mwezi wa Aprili tuligundua kwamba mzee ameandika barua ya kuomba aongezewe mwaka mmoja. Magoti hayakunjiki vizuri tena, mkewe, fundi cherehani, anamngoja nyumbani, lakini yeye hataki kwenda. Alimweleza karani sababu bila kumung'unya maneno: akitupa kisogo tu, sisi tutarudi kwenye mafuta. Tulinuna kweli. Kisha tukatazamana, kwa sababu siku alizokuwa likizo wengi wetu tulishayarudia.

Mkewe ndiye aliyetuamsha. Alikuja na gari lao, la miaka ishirini na miwili, bampa zake kijivu kupindukia. Ama kweli mganga hajigangi! Kila mwaka mzee alimwambia atalishughulikia akipata nafasi. Mama alituambia kwamba mume wake haamini maneno, na sisi maneno tunayo tele; kama tunataka apumzike, tumwonyeshe kazi. Mzee alikuwa kwenye semina ya wanaokaribia kustaafu, siku mbili. Tukakunja mikono ya mashati.

Hatukuruka hatua hata moja. Bosi mwenyewe alibandika utepe. Jioni ya siku ya kwanza fundi wa breki alitaka tupige tabaka la pili palepale tumalize. Tulimzomea mpaka akaweka sponji chini.

Mzee aliporudi alilikuta gari lake uani. Alichuchumaa kwa taabu, akapitisha kitambaa cheupe juu ya bampa, kisha chini yake, kisha nyuma ya vitasa, mahali ambapo mvivu huparuka. Sisi roho juu. Kitambaa kilitoka cheupe vilevile. Alisimama machozi yakimlengalenga, akaenda moja kwa moja ofisini, akaiomba barua yake, akaichana mbele ya karani. Mama alishindwa kujizuia, akapiga vigelegele peke yake katikati ya matairi.

Mzee wetu, asante kwa mikono yako, kwa uvumilivu wako, na kwa kutotufokea hata tulipostahili. Mungu akupe wewe na mama afya, usingizi wa kutosha na miaka mingi ya raha. Nenda nyumbani bila wasiwasi. Kazi tumeishika.